Kumtafuta Mbaraka Kando ya Wami

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu kutoa kopi anakaa kwenye benchi, na kopi yake ikishatoka haondoki. Anaangalia dari, anaangalia mashine, halafu anauliza: "Enhe, na huko kwa Kalasinga ilikuwaje?" Nimesimulia mara nyingi mpaka nimeanza kutia chumvi, jambo ambalo Shangazi hapendi. Kwa hiyo naandika mara moja tu. Anayetaka asome, kisha achukue kopi zake aende.

Shangazi yangu, Bi Zuhura, ni dada mkubwa wa marehemu baba. Bagamoyo wanamjua kwa maandazi yake na kwa ulimi wake. Wengi hawajui kwamba kabla ya mume aliyezaa naye, aliolewa na kijana aliyeitwa Mbaraka, dereva wa lori la magogo kwenye kiwanda cha mbao cha Kalasinga, Wahindi wale wa vilemba, kando ya Mto Wami. Ndoa ilikuwa haijatimiza mwaka. Masika yakaja, mto ukafurika, ukachukua lori pamoja na dereva. Habari zilichelewa kufika Bagamoyo kwa sababu barabara ilikatika, na aliyezileta alikuwa mchuuzi wa mbao aliyekuwa ng'ambo ya mto. Alisema Mbaraka amekufa. Akasema pia kwamba yeye kwa macho yake ameona moto mkubwa wa magogo ukingoni, na Kalasinga wamesimama kuuzunguka.

Mji mzima ukajumlisha wenyewe. Kalasinga huchoma maiti zao, Mbaraka alikuwa mtu wao, basi Mbaraka kachomwa. Babu akakataza jambo hilo lisitajwe nyumbani. Kiwanda kikafungwa, wenyewe wakahama. Shangazi akakaa eda, akatoka, akaolewa, akazaa, akafiwa tena. Hakulitaja, mpaka siku niliyosema wakati wa chakula, mfupa bado uko mdomoni, kwamba nimeona kwenye simu pale kiwandani siku hizi pamekuwa bustani: watu wanakwenda kutazama ndege na viboko, na nyumba ya ibada ya Kalasinga iko wazi kwa yeyote.

Shangazi akaweka kijiko chini.

"Nipeleke," akasema. "Nataka kujua kama ana kaburi."

Mapinga, upande usio wetu

Wami uko kaskazini. Safari ikaanza kwa kwenda kusini, kwa sababu gari lilikuwa la Shabani, mtoto wa mama yangu mdogo, naye anakaa Mapinga. Shabani ni dalali wa viwanja. Gari lake ni kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo chenye nafasi ya watu wawili mbele. Sisi tulikuwa watatu. Hesabu hiyo nilitakiwa kuifanya mapema.

Tulimkuta hayuko tayari. Alikuwa na mteja, bwana mmoja wa Dar mwenye viatu vyeupe, na akatuomba tusubiri huku anamwonyesha kiwanja. Shangazi akashuka naye kutazama, kwa kuwa hakuna kitu cha kuonyeshwa watu ambacho Shangazi hakitazami. Akazunguka na mwavuli wake. Akasimama katikati.

"Shabani, maji ya mvua huwa yanapita wapi?"

"Hapa hayapiti, Shangazi."

"Aa. Basi hili bonde limechimbwa na nani?"

Mteja akaangalia viatu vyake. Dakika chache baadaye Shabani alikuwa tayari kwa safari.

Bagamoyo, tena

Tukarudi mpaka Bagamoyo na kusimama mbele ya mlango ambao nilikuwa nimeufunga asubuhi ile ile. Shangazi alikuwa amepika pilau ya nyama ya mbuzi, sufuria kubwa ya shughuli, na hakutaka kupanda nayo basi.

"Unampelekea nani yote hii?" nikauliza.

"Siendi kwa watu mikono mitupu."

"Shangazi, ni bustani. Watu wanalipa mlangoni wanaingia."

"Na wenye bustani hawali?"

Sufuria ikapakiwa nyuma. Nikapakiwa nyuma, niishike. Kuanzia hapo mimi na pilau tulikuwa abiria wa daraja moja, ila yeye alikuwa amefunikwa vizuri.

Kiwangwa mpaka Msata

Barabara ya Msata ni nzuri, nasikia. Mimi niliiona ikienda kinyumenyume. Kiwangwa tulisimama, Shangazi akanunua mananasi, maana aliona pilau peke yake haitoshi. Akayachagua moja moja kwa kuyanusa, muuzaji akiapa kila mara kwamba hilo ndilo tamu kuliko yote. Mananasi yakaja kukaa na mimi. Kila Shabani alipokanyaga breki yalinisogelea.

Dirisha dogo la nyuma lilikuwa halina kioo, kwa hiyo niliyasikia ya mbele. Shabani alikuwa akimweleza Shangazi bei za viwanja kila tulipopita pori. Baadaye akanyamaza, na Shangazi akaanza kusema, polepole, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni.

"Unajua, Shabani, mimi kila Alhamisi nikisoma Yasini namtaja baba yangu, namtaja marehemu mume wangu, nawaona walipo. Kaburi la huyu liko pale, la yule liko pale. Nikifika kwa Mbaraka nasimama. Sijui nielekee wapi. Alioshwa? Aliswaliwa? Sijui. Nampita haraka haraka kama mtu ninayemwonea haya."

Shabani akapunguza mwendo. Pori lingine likapita bila bei. Mimi nilikuwa na nanasi mapajani, na nilitamani kupitisha mkono dirishani nimshike bega, lakini sufuria ingemwagika.

Chalinze, bila kukusudia

Ukitoka Bagamoyo ukafika Msata, unakwenda kulia kwa Wami na kushoto kwa Chalinze. Shabani akakata kushoto. Nikagonga bati la gari. Akatoa mkono dirishani kuniashiria nitulie.

Alikuwa na mteja mwingine Chalinze. Mteja hakutokea. Simu yake ilikuwa ikiita, halafu haikuita. Tulikaa kati ya malori kusubiri, tukala mihogo ya kukaanga na kachumbari, na kila basi lililosimama wachuuzi walilikimbilia madirishani na mayai, maji na chaja za simu. Mmoja alinikuta nimekaa nyuma ya kirikuu na sufuria na mananasi, akaniuliza nauzaje. Nikamwambia siuzi. Akasema kwa mtindo huo kweli sitauza.

Tuliporudi, kirikuu kikachemka tukiwa tunaingia Msata. Fundi akafungua, akatazama, akasema mkanda umekatika na mwingine utatoka Chalinze, yaani kule kule tulikotoka, na utakuja na basi la kesho asubuhi.

Msata, pamoja na pilau

Tukapanga vyumba kwenye nyumba ya wageni. Sihitaji kuvieleza, vilikuwa na vitanda. Shida ilikuwa pilau. Pilau ya mbuzi hailali hivi hivi. Shangazi akatoka kwenda kwa mama lishe wa jirani kuomba jiko la kuipasha moto, jioni na tena asubuhi.

Mama lishe alitazama sufuria, akatazama chakula chake mwenyewe kilichokuwa hakijapata wateja.

"Mama, shikamoo. Sasa wewe unakuja na pilau yako kwenye hoteli yangu?"

"Marahaba mwanangu. Siyo ya kula, ni ya safari."

"Ya safari ndiyo isiyoliwa?"

Waliishia kukaa pamoja. Mama lishe akaonja, akasema hiliki imezidi kidogo. Shangazi akaonja maharage yake, akasema chumvi imepungua kidogo. Wakapendana sana. Asubuhi nilimkuta Shangazi anakanda unga wa maandazi wa mama lishe, mikono mpaka viwikoni, na mkanda wa gari ulikuwa umeshafika bila mtu kuniambia.

Langoni

Baada ya daraja la Wami kuna njia ya vumbi inayofuata mto. Hewa ikabadilika, ikawa ya ubaridi na harufu ya majani mabichi. Miti mikubwa ikaanza, mikuyu na mivule, tumbili wakitutazama kama sisi ndio tuliowekwa pale watutazame. Langoni kulikuwa na kibao: KARIBUNI MTONI. Chini yake kingine: USIKARIBIE MTO, MAMBA.

Mlinzi wa lango alikuwa mama wa Kikwere mwenye kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani.

"Shikamoo bibi. Karibuni. Viatu mtavua pale mbele, kichwa kifunikwe." Akamtazama Shabani, akampa naye kitambaa cha chungwa. Kofia yangu ilipita. "Na bibi, samahani, hicho ulichoshika ni nini?"

Shangazi alikuwa ameshika kijaluba chake cha tambuu. Hakai mbali nacho tangu nimjue.

"Tambuu."

"Ina tumbaku?"

"Sasa tambuu gani isiyo na tumbaku?"

"Basi ibaki hapa, bibi. Humu wenyewe tumbaku hawaitaki kabisa, hata ya kutafuna. Na hiyo sufuria inanukia nyama. Jikoni kwao nyama haiingii."

Nilifunga macho. Shangazi akavuta pumzi.

"Nimekuja na pilau, haitakiwi. Nimekuja na tambuu, haitakiwi. Wanataka niingie na nini?"

"Wewe mwenyewe, bibi. Wewe karibu sana."

Kijaluba kikabaki. Pilau ikabaki kwa mama wa lango na vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja wateja, na hao hawakuiona kuwa na kasoro yoyote. Mananasi yakaruhusiwa. Niliyabeba mimi.

Kwenye mikeka

Ndani kulikuwa na banda kubwa lisilo na kuta, lililokuwa la kupasulia mbao. Msumeno wa duara, mkubwa kuliko tairi la lori, umesimamishwa juu ya zege kama kumbukumbu. Pembeni nyumba ya ibada, nyeupe. Na bandani mikeka mirefu imetandikwa, watu wamekaa safu kwa safu, wanaume kwa wanawake, vichwa vimefunikwa, viatu nje, wanazungumza kwa sauti ya chini. Watu wengine wanapita na ndoo za dengu, mabeseni ya wali wa maziwa, vikapu vya chapati, wanampakulia kila mtu. Hakuna anayelipa. Hakuna anayeulizwa yeye ni nani.

Nawaombeni mtuelewe. Sisi ni watu wa Bagamoyo. Ukikuta watu wamekaa chini kwenye mikeka, wamejifunika, wanalishwa bure na watu wasiowajua, na hakuna ngoma wala vigelegele, unajua ni kitu gani.

"Pana msiba," akanong'ona Shabani.

"Umenileta kwenye matanga ya watu bila kuniambia?" Shangazi akanong'ona kwangu, kwa ukali.

Sikujua. Simu haikusema. Baadaye nilielewa kwamba Kalasinga hufanya hivyo siku zote: yeyote anayeingia hukaa chini na kulishwa, tajiri na maskini mkeka mmoja. Lakini hapo tulikuwa tumeshakaa, tumeinamisha vichwa, na Shabani ameshavaa uso wa msibani.

Akaja mzee mwenye kilemba cha bluu na ndevu nyeupe, anagawa chapati mwenyewe. Shabani akapokea kwa mikono miwili.

"Poleni sana kwa msiba, mzee wetu. Tumetoka Bagamoyo."

Mzee akasimama na kikapu chake. Watu wa safu ya mbele wakawa wanangoja chapati na hazifiki.

"Bagamoyo?"

"Ndiyo, mzee."

Akakiweka kikapu chini. Akakaa mbele yetu, polepole, magoti yakimuuma.

"Tushapoa," akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu. "Tushapoa, ndugu zangu. Lakini mbona mmekawia hivi?"

Shabani akafikiri. "Barabara," akasema.

Mzee hakumsikia. Alikuwa akimtazama Shangazi. "Nyie ni watu wa Mbaraka?"

Nilihisi mkono wa Shangazi umenishika kiwiko, na ukabana.

"Mimi mkewe," akasema.

Kaburi

Mzee huyo anaitwa Bwana Jaswant. Kiwanda kilikuwa cha baba yake, na yeye alizaliwa pale pale. Alitueleza tukiwa tunatembea, Shangazi mbele pamoja naye, sisi wawili nyuma na mananasi.

Siku ile lorini hakuwemo Mbaraka peke yake. Kaka yake Bwana Jaswant, kijana aliyeitwa Balbir, alikuwa amekaa pembeni yake. Mbaraka alikuwa akimfundisha kuendesha. Maji yalipopungua kidogo wakawakuta wote wawili upande wa chini wa mto, wamenasa kwenye mizizi ya mkuyu, wameshikana.

"Nani alimshika nani hatukujua," akasema. "Ilibidi tuwatenganishe mikono. Wafanyakazi Waislamu walimfuata mwalimu wa madrasa upande wa Mandera, akaja kwa miguu, tope mpaka kifuani. Mbaraka akaoshwa, akaswaliwa hapo bandani. Mbao za mwanandani, za kumfunika kaburini, baba alizipasua yeye mwenyewe, za mvule. Fundi mwingine alitaka kumsaidia, akamfukuza. Kisha akawasha moto wa mwanawe. Mchuuzi wa mbao alifika ng'ambo mchana, tukampigia kelele: waambie ndugu zake waje. Sijui alisikia nini."

Shangazi akasimama. "Moto ule ulikuwa wa kaka yako."

"Wa Balbir. Ndiyo."

Kaburi liko kwenye mwinuko, maji yasipofika. Limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na njia ya bustani ikifika hapo inapinda kulizunguka. Limefagiliwa. Nilitoa simu kuangalia kama limeelekea kibla. Lilikuwa limeelekea. Shangazi akasema hakuna aliyeniuliza.

Akachuchumaa. Akaweka kiganja juu ya udongo na hakukiondoa. Akasoma Yasini yote kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ya msichana, na alipofika mwisho akalitaja jina, Mbaraka bin Hamisi, taratibu, bila kulipita. Nililia. Shabani naye alilia, akijipangusa na kile kitambaa cha chungwa. Naandika kwa kuwa alishaniambia nisiandike.

Bwana Jaswant alikuwa amesimama mbali kidogo, kwa adabu. "Mama ndiye aliyekuwa akilifagia," akasema Shangazi alipoinuka. "Hata tulipohamia Tanga alikuwa akirudi. Alikuwa akisema, watu wa Bagamoyo watakuja, tuomboleze pamoja, vijana wetu wamekufa pamoja. Mkeka alikuwa akiuweka tayari. Alingoja mpaka akafa yeye."

Hakusema kwa lawama. Ingekuwa nafuu angesema kwa lawama.

Shangazi akatazama mto. "Na kaka yako yuko wapi?"

"Majivu tuliyatia majini. Ndiyo desturi yetu."

"Basi yeye hana kaburi."

"Hana, dada."

Miaka yote ile Shangazi alikuwa akilia kwamba wake hana kaburi, na mwanamke mwingine alikuwa akilifagia, huku wa kwake amekwenda na maji. Nilimwona akilifikia wazo hilo. Akashuka mpaka karibu na kibao cha mamba, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Sikusikia alichousemesha mto. Alirudi macho mekundu, amejitanda kanga upya, kichwani mpaka kifuani, kama wanavyojitanda wanawake wetu wanapoingia nyumba ya msiba.

Mkeka

Shabani alikuwa akitazama jua. Akasema tukiondoka sasa tutawahi Bagamoyo.

"Nendeni," akasema Shangazi. Akamgeukia Bwana Jaswant. "Mkeka wa mama yako bado upo?"

Upo. Aliuleta mwenyewe, mkeka wa ukindu uliofifia rangi, akautandika chini ya mkuyu, mahali panapoonekana kaburi na mto pia. Shangazi akavua viatu, akakaa, akakunja miguu. Akangoja mpaka mwenzake amekaa. Kisha akampa mikono yote miwili.

"Poleni kwa kufiwa na Balbir," akasema. "Mimi ni Zuhura, mke wa Mbaraka. Nimekuja kuhani msiba."

Bwana Jaswant alitaka kujibu inavyojibiwa. Akaanza, "Tusha...", kilio kikamtangulia. Shangazi hakumwachia mikono. Wakakaa hivyo, mimi na Shabani tukakaa ukingoni mwa mkeka, na Shabani hakuliangalia jua tena.

Wageni wa bustani walikuwa wakipita. Waliwaona wazee wawili wamekaa chini, wanalia, na watu wa pwani hata wakiwa wamekuja kutazama viboko hawapiti hivi hivi mahali kama hapo. Mama mmoja akavua viatu, akaketi na wanawe. Wakafuata wengine. Mama wa lango akaja na maji. Bwana mmoja mwenye kamera shingoni akajipenyeza karibu yangu, akainama.

"Samahani, kaka. Nani amefariki?"

"Vijana wawili," nikamwambia. "Balbir na Mbaraka."

"Masikini. Lini?"

"Zamani," nikasema. "Matanga ndiyo yanaanza leo."